Kamba ya Mkonge Mguuni mwa Mama

Wakuu, mmeshawahi kumwona mtu anamfunga mama yake mzazi kamba mguuni, anamfunika kanga ili kamba isionekane, halafu huyo, anakwenda kazini?

Benedikta alifanya hivyo. Kila asubuhi.

Msianze kumtukana, tulieni kwanza niwape kisa. Mwenyewe alinieleza uzeeni, pale mtaani kwake Mabawa, na kuna mahali akifika alikuwa ananyamaza mpaka chai inapoa.

Ilikuwa mwaka hamsini na nne, kwenye shamba moja la mkonge njia ya Maramba. Jina la shamba nalihifadhi.

Benedikta alikuwa mwanikaji. Nyuzi zikitoka mashineni zimelowa, wanawake wanazitandaza juani kwenye waya. Mama yake, Praxeda, aliifanya kazi hiyohiyo tangu usichana mpaka mgongo ukapinda.

Sasa bi mkubwa alikuwa amesahau kila kitu. Mwanawe hamjui. Amekula au hajala, hajui.

Kitu kimoja tu kilimbakia: king'ora cha shamba.

Kikilia, anainuka, anajifunga kanga kiunoni, anakwenda kazini! Siku moja wakamkuta relini, troli la mkonge linakuja. Siku nyingine ukingoni mwa kisima, miguu inaning'inia.

Ndipo ilipokuja kamba.

Majirani walisema, weee, walisema! "Anamfunga mamake kama mbuzi." Lakini wa kukaa na bi mkubwa hakutokea hata mmoja.

Benedikta akamwendea nyapara wao, Eliudi.

"Shikamoo bwana nyapara. Naomba mchana niwe nakimbia kambini nimlishe mama. Saa moja tu. Jioni nitaifidia."

"Ukitoka, siku yako imekwenda bure."

"Basi nije naye, akae pale kivulini nimwone."

"Hapa ni kazini, mama, si pa kulelea wazee. Kwani huna ndugu?"

Hakuwa nao. Na chumba walicholala, kule kambi ya wafanyakazi, kilikuwa mali ya shamba. Akifukuzwa kazi, wote wawili nje. Angefanyaje? Akarudi kwenye waya wake.

Asubuhi moja akakuta kamba imemchubua mama mpaka nyama inaonekana. Mikono ikakataa kufunga. Akamwachia jirani, Mwatumu, amtupie macho. Mwatumu naye, masikini, alikuwa na mtoto anachemka kwa homa.

King'ora kikalia.

Kule kwenye nyaya, jua limeshapanda, Eliudi akapaza sauti.

"Hebu tazameni yule wa mwisho kule! Tazameni anavyotandaza! Kazi ndiyo ile, nyinyi mnapapasapapasa tu!"

Wote wakageuka. Alikuwa Praxeda. Pekupeku, kidonda mguuni, mikono inakwenda yenyewe, nyuzi zinalala sawasawa kwenye waya.

Benedikta aliniambia kwamba kwanza aliona fahari. Woga ulikuja baadaye.

"Bwana nyapara, huyo ndiye mama yangu. Mwache papo hapo, nakuomba. Hana neno na mtu, wala hataki malipo."

Wanawake wakaangua kicheko, maana nyapara amemsifia mtu asiye wake. Kicheko kile ndicho kilichoharibu mambo. Eliudi akawaka.

"Meneja akipita nimwambie nini? Mlinzi! Mtoe huyu, mpeleke getini."

"Kambini ni upande huu, bwana! Hajui njia!"

"Nimesema getini. Na wewe ukisogea hapo, usirudi tena."

Mlinzi akamshika bi mkubwa mkono. Alipopita mbele ya mwanawe akasimama.

"Binti," akamwambia, "niombee kwa hawa. Sijamaliza waya wangu."

Benedikta hakusogea.

Hapo ndipo alipokuwa ananyamaza, mpaka chai inapoa.

Jioni alikimbia hadi getini. Hapakuwa na mtu. Mlinzi akasema alimwacha pale na kurudi zamuni. Walimtafuta, waliita, mkonge ule hauna mwisho na kila mstari unafanana na mwingine.

Wakataji ndio waliomwona asubuhi, katikati ya mkonge, amelala ubavu, uso umeelekea kwenye nyaya. Alikuwa anarudi kazini.

Benedikta alipofika, king'ora kilikuwa kinalia.

Mama hakuinuka.

Sasa sikilizeni hili. Mchana ule Eliudi alikuja msibani, kofia mkononi, mpole kabisa.

"Pole sana, Benedikta. Ofisi imekupa siku tatu. Na malipo yako yapo palepale."

"Siku tatu za nini?"

"Za kumzika mama. Ndio utaratibu."

"Mimi niliomba saa moja ya kumlisha."

Eliudi akaangalia chini.

"Hiyo," akasema, "haimo kwenye utaratibu."

Haya, mwenye kampuni, mwenye duka, wewe uliyepewa watu wa kuwasimamia, nakuambia na hasira zangu hizi. Mfanyakazi wako anayechelewa kila siku, macho mekundu, simu haimtoki mkononi, muulize nyumbani anauguza nani. Kisha mpe saa yake mgonjwa angali anapumua.

Siku za kuzika, hata Eliudi alizitoa.