Ampli Yenye Kiraka cha Kijani

Mtu wa kwanza niliyemwona akichemsha nyuzi za gitaa kama anayechemsha maharage ni Tonton Viateur, mpangaji wetu. Chumba chake na chetu vinatenganishwa na ukuta mmoja wa matofali ya udongo, huku mtaani Biryogo, nyuma ya duka la baba la ushonaji. Hakuwa ndugu yetu, wala hakuwa Mwislamu kama sisi, lakini watoto wote wa uani tulimwita Tonton, yaani mjomba, na mkewe Mukarugwiza tulimwita Tanti. Kabla ya kwenda kupiga muziki alifungua nyuzi zote sita, akazikunja duara, akazitumbukiza kwenye sufuria inayotokota. Tanti alilalamika kwamba chai yake itanuka chuma. Yeye alijibu kwamba jasho la vidole huingia ndani ya uzi, na uzi mchafu hulia kama mtu mwenye mafua. Nilipomwuliza kwa nini asinunue nyuzi mpya, alinitazama kana kwamba nimemwambia anunue Ziwa Kivu.

Siku za kazi alipaka rangi nyumba za watu, ila hiyo mwenyewe hakuihesabu. Ukimwuliza kazi yake alisema yeye ni mpiga solo. Orkestra yao ilipiga kwenye harusi na kwenye matine, dansi za Jumapili mchana, katika baa za Nyamirambo, na mimi, ambaye baba hakuniruhusu kukanyaga baa, nilisimama barabarani kwa nje nikijifanya namsubiri mtu. Kutoka pale nilimsikia. Niliweza kulitofautisha gitaa lake na mengine yote hata waimbaji wakipiga kelele, kwa sababu lilikuwa na tabia ya kuchelewa kidogo, kama mtu anayeitwa na kuinuka bila haraka.

Alivipenda vyombo vyake kuliko alivyojipenda mwenyewe. Alikuwa na ubao wa kusimamia, kwa sababu sakafu za saruji na maikrofoni mbovu zilimrusha mwimbaji mmoja mpaka akang'atwa na umeme mdomoni. Alikuwa na karatasi za fedha za pakiti za sigara za kufungia fyuzi iliyoungua. Lakini kipenzi chake kilikuwa ampli, lile sanduku la kukuza sauti ya gitaa. Ilikuwa ya zamani, ya taa. Ukiiwasha unangoja zile taa za ndani zipate joto na kuwa nyekundu kama makaa, ndipo iseme. Kitambaa chake cha mbele kilitobolewa na kreti ya bia kwenye harusi fulani, na baba yangu, Usumani, akakishona kiraka cha kijani kilichobaki kwenye mapazia ya mteja. Viateur alikisifu kile kiraka mpaka baba akaona haya.

Ampli hiyo ilikuwa na kituko kimoja. Ukichomeka waya wake mrefu bila kuunganisha gitaa upande wa pili, waya ule ulinasa redio. Sauti ya mwanamume ilitoka mbali, kama mtu anayeongea ndani ya mtungi, huelewi hata neno. Sisi watoto tulicheka mpaka tukalia. Viateur alituwekea kidole mdomoni.

"Nyamazeni. Muzee iko anasali. Tumungoje amalize."

Halafu alichomeka gitaa, na yule mzee akanyamaza.

Mwezi wa Oktoba mwaka 1990 vita vikaanza kule kaskazini. Siku chache baadaye mji ulitikiswa na risasi usiku kucha, na kulipokucha askari wakaanza kupita nyumba kwa nyumba wakitafuta ibyitso, ndivyo walivyowaita washirika wa adui. Kwetu waliingia asubuhi, tukiwa uani na chai mkononi. Waligeuza vitanda vyetu, wakamwaga vitambaa vya baba, kisha wakaingia chumbani kwa Viateur. Mmoja alitoka akiburuta ampli kwa mkono, shuka iliyoifunika ikiburutika nyuma yake.

Aliuliza hii ni redio ya kupelekea habari kwa nani. Viateur hakuonyesha hofu, na mpaka leo hilo ndilo linaloniuma. Alitabasamu. Mtu alikuwa amemwuliza habari za ampli yake, na ukimwuliza Viateur habari za ampli hujui utaondoka saa ngapi. Akaanza kumweleza yule askari taa za ndani, na jinsi zinavyohitaji kupashwa, na kwa nini sauti yake ni ya mviringo kuliko hizi za kisasa. Akasema afande asubiri, atamwonyesha, atajionea mwenyewe kwamba ni chombo cha muziki tu. Akaichomeka umeme. Akachomeka waya. Akamwambia Tanti amletee gitaa, na Tanti alikuwa bado analitoa chini ya godoro lililopinduliwa.

Taa zikapata joto kabla gitaa halijafika. Uani kwetu, mbele ya bunduki zote zile, yule mzee wa ndani ya mtungi akaanza kuongea.

Hakuna aliyecheka safari hii. Ilikuwa redio ya taifa, mtangazaji wa serikali yao wenyewe, mimi nina hakika, kwa sababu hakuna nyingine iliyokuwa na nguvu ya kutufikia hivyo. Lakini ilikuwa mbali, na maneno hayakushikika.

"Hii iko sauti ya nani?" askari aliuliza polepole.

Viateur alianza kueleza kwamba waya mrefu unanasa. Neno "unanasa" ndilo la mwisho alilolimaliza. Walimchukua na ampli pamoja, yeye akitembea, sanduku likibebwa na vijana wawili waliookotwa njiani. Tanti alibaki amesimama mlangoni na gitaa mikononi.

Aliwekwa kwenye uwanja wa mpira pamoja na maelfu ya watu, kisha gerezani. Alirudi mwaka uliofuata, mvua za masika zikiwa zimeanza, akiwa mwembamba hata shati lake la zamani baba alilipunguza pande zote mbili. Sikio la kushoto lilikuwa limekufa. La kulia lilisikia, lakini ilibidi ukae upande wake. Swali lake la kwanza kwa baba lilikuwa kama kuna mtu aliyeuliza habari za ampli. Baba alimjibu kwamba hakuna anayeuliza kitu siku hizi, na yeye asiulize.

Orkestra ilikuwa imekufa. Kulikuwa na amri ya kutotoka usiku, harusi zikawa za mchana na za haraka, watu wakila huku wanatazama mlango. Gitaa la umeme bila ampli halisemi. Ukilipiga linasikika kama mtu anayekuna kichwa. Basi Viateur alibuni njia. Alikaa kitandani, akaegemeza kichwa cha gitaa kwenye ubavu wa kabati la mbao, akalaza shavu lake la kulia juu ya kabati hilo hilo, akapiga. Mbao zilitetema, na muziki ukamfikia kupitia mfupa wa taya. Kabati lilikuwa limeegemea ukuta, na ukuta ule ndio wetu. Nikiweka sikio pale, vitabu vya jiografia magotini, nilisikia kila kitu. Nadhani alijua. Mara nyingine alirudia kipande nilichokipenda bila mtu kumwomba.

Alimwambia baba kwamba haombi tena harusi wala baa. Anachotaka ni kusimama mara moja juu ya ubao wake, aisikie ampli yake ikimsukuma miguu kutoka nyuma, halafu hata sikio la pili likifa, life.

Mwaka 1992 vyama vya siasa vilikuwa kila kona, na bendera zao, na kofia zao, na vijana wa kupiga ngoma. Nikitoka shule nilipita kando ya kiwanja ambako chama kimoja kilikuwa na mkutano. Juu ya jukwaa, nyuma ya mwimbaji, niliona kiraka cha kijani.

Nilikimbia. Nilimweleza Viateur kupitia sikio la kulia, na alivaa viatu bila kufunga kamba. Baba alifunga duka akamfuata, akimwambia njia nzima asiende, na mimi nikawafuata wote wawili kwa sababu hakuna aliyekumbuka kunikataza.

Mwimbaji alikuwa Niyonzima, yule yule aliyeimba nao zamani, aliyeng'atwa na umeme mdomoni. Sasa alikuwa kiongozi wa vijana wa chama. Alimkumbatia Viateur, akamwita kaka, akasema amesikitika sana kwa yaliyompata. Kuhusu ampli alisema waliikuta kwa watu, na haoni ubaya kuirudisha.

"Lakini leo mpigaji wetu hajaja," alisema. "Tusaidie wimbo mmoja tu, kisha ubebe chombo chako. Na siku nyingine tukikuhitaji tutakuita. Wewe si wa kukataa watu wako."

Wakampa gitaa. Viateur aliuliza ubao uko wapi. Hawakuwa nao, basi akavuta kreti akapanda juu yake. Alisimama upande wa kulia wa Niyonzima, mwimbaji akiwa kwenye lile sikio lililokufa, na la kulia akalielekeza nyuma, kwenye ampli. Niyonzima alimpa mwendo kwa kupiga viganja. Wakaanza.

Sijawahi kumwona mtu akifurahi vile. Alifumba macho. Ile tabia ya kuchelewa kidogo ilikuwa palepale, haikufia gerezani. Watu waliokuwa wanapiga makelele wakaanza kucheza, na vumbi la kiwanja likainuka hadi magotini. Mimi pia nilicheza, mpaka maneno yaliponifikia.

Wimbo ulisema nyoka aliye nje ana ndugu yake ndani ya nyumba. Ulisema wanawake ambao kaka zao walikimbilia Uganda wanalala na wanaume wetu huku wamefungua dirisha moja. Ulisema dirisha hilo tunalijua. Umati ulijibu kila mstari. Kaka wote wa Tanti Mukarugwiza wako Uganda tangu kabla hajazaliwa, na mtaa mzima unajua. Na spika ya chama ilielekezwa Biryogo.

Nilimtazama baba, nikitegemea atapanda jukwaani. Alikuwa anatazama viatu vyake. Baadaye nilimwuliza kwa nini hakumsimamisha.

"Ningeanzia wapi?" alisema. "Mtu akiwa na furaha namna ile."

Viateur alirudi nyumbani ampli ikiwa begani, hakukubali tumsaidie. Njiani alizungumza mfululizo: taa moja imechoka, nyingine nzima, kiraka cha Usumani hakijaachia hata mshono mmoja. Sisi tulitembea upande wake wa kushoto.

Tanti alikuwa amekaa kwenye kigoda mbele ya kigenge chake cha sabuni na viberiti. Alimwacha aweke mzigo chini. Alimwacha amalize kueleza. Kisha aliinuka, akazunguka mpaka upande wa kulia, akaweka mdomo karibu na sikio la mumewe na kumwimbia wimbo wote, polepole, bila muziki. Alikuwa ameshaukariri. Ulikuwa umepigwa vizuri, alisema, ndiyo maana umemkaa kichwani.

Viateur alikaa juu ya ampli. Alikaa pale mpaka mwanga wa jua ukaondoka ukutani.

Alitaka ampli irudishwe kwa chama siku iliyofuata. Baba alimwambia kuwarudishia bila sababu ni kuwatukana, na watu wale hawatukanwi mara mbili. Akamfundisha la kusema: aseme lile sikio la pili nalo limeondoka, kelele za jukwaani zimelimaliza, hasikii tena kabisa, na mpigaji asiyesikia hafai kwa chama wala kwa harusi. Viateur akaibeba ampli, akaenda akasema hivyo. Niyonzima alimpigia kelele usoni kumjaribu, na yeye akatabasamu tu kama bwege. Wakamwamini.

Ila uongo huo hauna mwisho, na hilo baba hakulifikiria. Huku kwetu ukipiga chafya nyumba ya tatu wanakuombea afya. Kiziwi hapigi gitaa, hata kwa kulaza shavu kwenye kabati. Siku ya kwanza niliweka sikio ukutani nikasikia kimya. Siku zilizofuata nilisikia kabati likisogezwa, likapelekwa ukuta wa pili. Gitaa hakuligusa tena. Siku hizi anauza kwenye kigenge cha Tanti, na watu wanamfokea wakidhani ndiyo namna ya kumsaidia, wengine wanamsema vibaya mbele yake, wakimsema na mkewe, na yeye anawapa sabuni yao akitabasamu lile tabasamu.

Wiki iliyopita mama alinituma sabuni. Viateur alikuwa peke yake kwenye kigenge. Mche wa sabuni aliukata kwa waya mwembamba uliokazwa kati ya vijiti viwili, na ulipita ndani ya sabuni kama unapita kwenye siagi. Niliutambua. Ni uzi wa kwanza wa gitaa, ule mwembamba kuliko zote, uliokuwa unapanda juu kabisa na kuchelewa.

Alipogeuka kunitafutia kipande cha gazeti cha kufungia, niliugusa kwa kidole. Ulilia kidogo tu, lakini ulilia safi.

Akageuza kichwa haraka. Kisha akakumbuka, kulikuwa na watu barabarani. Alinyoosha mkono taratibu, kama anayefuta makombo ya sabuni, akauweka juu ya uzi mpaka ukanyamaza.