Jirani Alinigongea Mlango, Nikadhani ni Shetani

Admin, jina langu lifiche kabisa. Sisi wakimbizi wa hapa Buffalo tunajuana hadi viatu, nikitambulika nimekwisha.

Mimi ni mwanaume wa miaka 39, Mrundi, nimekulia kambini Kigoma. Huu ni mwaka wa tatu niko Marekani, peke yangu. Dada yangu yuko Louisville na watoto wake, mimi nimebaki na kuta. Nyuma ya ukuta mmoja anaishi mama Mkongomani, mjane kutoka Uvira. Tuna desturi yetu: kila asubuhi anagonga ukuta kwa mwiko mara mbili, nami namjibu kwa mwiko wangu mara mbili. Maana yake nimeamka, niko mzima. Jamani, kuna siku hiyo ndiyo salamu pekee ninayoipata.

Upweke ukanizidi. Dada akanipa namba ya maombi ya simu, ile wanayoingia watu wa majimbo yote alfajiri, kila mmoja jikoni kwake. Mtumishi wa Mungu anayeongoza yuko mji wa Columbus, uso wake sijawahi kuuona. Nikamwambia naomba Mungu anipe mwenzi. Akasema, "Jitenge siku ishirini na moja. Usiongee na mwanadamu, usiitike. Na ujihadhari, adui atakuja na sauti ya mtu unayempenda. Ukimfungulia, umepoteza yote."

Mimi na woga wangu nikatii. Kazini ghalani nilionyesha dole gumba tu, wakadhani koo linaniuma. Mwiko ukigonga, sijibu. Mama akichungulia ananiona naenda kazini, anatulia.

Siku ya sita ilikuwa Jumamosi, sina kazi, na barafu imeganda mpaka ngazi za nje zinang'aa. Akagonga ukuta, kimya. Akaja mlangoni. "Mutoto yangu, uko muzima? Fungula basi!" Nikapiga magoti nikakemea. Nilimkemea, ndugu zangu! Mama aliyenipikia sombe, kile kisamvu cha kwao, nilipokuwa mgonjwa, nikamkemea kwa jina la Yesu aondoke. Nikasikia anashuka ngazi azunguke hadi dirishani kwangu. Halafu kishindo. Halafu, "Mutoto yangu, nimeanguka."

Nikajisemea, ndiyo hii sauti niliyoambiwa. Nikapaza maombi ili nisisikie. Sijui ni dakika ngapi, labda ishirini. Na kilichonitoa ndani si huruma, nisiwadanganye. Ni pale aliponyamaza. Kile kimya kilinitisha kuliko shetani mwenyewe.

Nilimkuta chini ya dirisha langu, kitenge kimekakamaa kwa baridi, midomo imebadilika rangi. Nikaita ambulensi. Nyonga ilivunjika, lakini Mungu mkubwa, yu hai. Nilipomweleza mtumishi, akasema nimejifungulia mlango wa laana, ningevumilia. Hadi leo nusu ya moyo wangu inamwamini.

Lakini kinachonitisha zaidi ni mama mwenyewe. Kule hospitali alinishika mkono akasema, "Munganga anasema ungekawia kidogo, ningekufa. Nilikuita sana, nikajua umelala. Bon, ni Mungu alikuamusha." Nami, mwoga mkubwa, nikaitikia kwa kichwa. Basi amewasimulia watu wote. Jumapili hii mchungaji wa kanisa letu hapa ananipa kipaza sauti nitoe ushuhuda jinsi Mungu alivyoniamsha, na mama atakaa kiti cha mbele.

Nikisema kweli, nampoteza mtu pekee niliye naye hapa. Nikidanganya, nadanganya madhabahuni, kwa jina lile lile la Mungu nililolitumia kumfukuza. Wa kunitukana nitukaneni, ni haki yenu.

Juzi karudi nyumbani, anatembelea mkongojo. Leo asubuhi amegonga mara mbili. Nimeushika mwiko, mkono umekataa kunyanyuka kwa aibu. Amegonga tena. Sasa nasikia mkongojo wake unaelekea mlangoni, na ngazi bado zina barafu. Nafungua, ndugu zangu, safari hii nafungua. Ila akiniuliza kwa nini sikujibu, nimwambie nini?