Saa Yenye Saa Mbili

Nilimkamata karani wa mabasi kifundo cha mkono, nikauvuta mkono wake nje ya kidirisha mpaka bega likagonga ubao. Mwanangu alikuwa mgongoni, amelala. Sikupiga kelele. Nilimwambia, "Tuisome. Leo tuisome wote, mimi na wewe na hawa watu."

Watu wakageuka. Hata mama aliyeuza ndizi kando ya kituo aliacha kupunga nzi.

Kwenye mkono ule kulikuwa na saa, na lazima niieleze, maana Mbeya yote ya miaka ile ya hamsini haikuwa na nyingine, au ndivyo mwenyewe alivyopenda kusema. Alidai kaipata kwa rubani mmoja Mzungu. Saa ya chuma, nzito, ya bei ambayo mshahara wa karani haufiki. Haitiwi ufunguo, inajijaza yenyewe mkono ukitikisika. Ilikuwa na mishale miwili ya kutaja saa: mweusi wa kawaida, na mwekundu mrefu uliozunguka mara moja tu kutwa nzima, ukifuata namba za duara la nje, moja hadi ishirini na nne. Imetengenezwa kwa watu wanaovuka nchi, mshale mmoja uwape saa za huko waliko, mwingine saa za nyumbani. Karani yeye hajavuka hata Igawa, hapo tu njia ya Iringa. Kazi yake ni kusafirisha wenzake. Basi mshale mweusi akauweka kwenye saa za Kizungu, za ofisini, na mwekundu kwenye saa zetu sisi, za jua kuchomoza. "Saa yangu," alikuwa akijigamba, "ina saa mbili."

Tikiti yangu iliandikwa "Iringa, saa 2". Hakuna asubuhi, hakuna mchana. Nilikuwa nakwenda kwa mama yangu. Mama alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili, hajawahi kumwona mjukuu wake, na daktari wa macho alikuwa amefika hospitali ya kule kwa siku chache tu. Mama alituma ujumbe kwamba hakuna kisu kitakachogusa jicho lake mpaka binti yake awe amemshika mkono. Ukaidi wake naujua, nimeurithi.

Asubuhi ile nilifika kituoni umande haujakauka. Basi lilikuwepo, linanguruma. Karani aliitazama tikiti, akaitazama saa yake, akagonga kioo kwa ukucha.

"Mama, hii ni saa mbili ya Kizungu. Yaani kwenu huko saa nane mchana. Rudi nyumbani kamnyonyeshe mtoto."

Nilimwambia tikiti za kituo kile siku zote zinakwenda kwa saa zetu. Akasema kampuni sasa inafuata mshale mweusi. Nikauliza na hili basi linalonguruma ni la wapi? Akasema hilo si langu. Dirishani, kwenye kiti nilichoonyeshwa siku nilipokata tikiti, alikaa mfanyabiashara amepakata robota la nguo, na jingine liko miguuni. Nikarudi nyumbani Ilomba kwa miguu, mtoto analia njia nzima.

Saa saba na nusu nilikuwa nimesimama tena mbele ya kidirisha. Uwanja mtupu.

"Basi la saa mbili limeondoka saa mbili," karani alisema, na safari hii aligonga upande wa mshale mwekundu. "Ulikuwa wapi, mama?"

Ndipo nikaukamata mkono.

"Mwekundu unasema nini?"

"Saba na nusu."

"Na mweusi?"

"Moja na nusu. Niachie."

"Asubuhi ulinisomea upi?"

Aliniuliza nimesoma darasa la ngapi.

"La kumi. Jibu."

Mzee mmoja kwenye foleni alikohoa. "Karani, na ule mshale wa tatu uko wapi? Ule wa mfukoni, unaofuata pesa?"

Watu wakacheka, na kicheko kile ndicho kilichomkasirisha, si mimi. Alijinasua, akashusha kidirisha, akaniambia kwa ndani nikalalamike ninakotaka.

Nilipata nafasi kwenye lori la mahindi. Likatuharibikia Igawa, tukalala pale juu ya magunia, mtoto ananikoholea kifuani, nami nahesabu tu: daktari bado yupo, daktari kaondoka, bado yupo. Nilipofika Iringa alikuwa ameondoka jana yake. Nesi alinieleza kwamba mama alioshwa, akaitwa, akakataa kuinuka; akaitwa tena, akakataa. Atarudi lini daktari? Nesi hakujua.

Mama alikuwa ameketi nje ya wodi, mgongo ukutani. Nilimpa mtoto. Akampapasa uso polepole, paji, mashavu, akafika puani akasimama.

"Pua ya baba yake," alisema. "Basi sijakosa kitu."

Nilicheka, na nikicheka hivyo hivyo hasira ikanipanda upya. Nilimwacha mama na nesi, nikabeba mtoto, nikaenda ofisi kuu ya kampuni, hapo hapo mjini. Mwenye kampuni alinikaribisha vizuri. Akaahidi kunirudisha Mbeya bure. Nikakataa. Akauliza kama nataka karani afukuzwe. Nikamwambia nataka karatasi na kalamu, na muhuri wake chini.

Niliandika hivi:

"Mimi, mkazi wa Mbeya, nalalamika rasmi kwamba karani wenu aliisoma tikiti yangu moja kwa saa mbili tofauti katika siku moja, na kiti changu akampa mtu mwingine. Sidai nauli. Nadai kila tikiti iandikwe asubuhi au mchana. Nadai karani asikae dirishani na saa ile. Na kwa kuwa mama yangu hakutibiwa macho kwa sababu hiyo, nadai kampuni itafute daktari yule yuko wapi, itupeleke kwake, mama na mimi, kwa gari lenu. Jibu nipewe kwa maandishi. Nalingoja hapa ofisini, na mtoto wangu."