Pepo wa Gramafoni ya Baba

Nianze kwa kusema ukweli: nilimwekea mchungaji wetu kinyongo kwa zaidi ya miaka kumi, na sioni haya. Kila Jumapili iliyonikuta nyumbani nilikuwa nakwenda kanisani, namwitikia amina, huku moyoni namsubiri.

Kisa chenyewe ni gramafoni. Baba alikuwa fundi wa saa na redio kule Uvira, na mashine ile ya kuzungushwa kwa mkono aliachiwa na mfanyabiashara mmoja aliyekuwa anafunga duka. Tulipokimbia mwaka 1996, watu walibeba magodoro na masufuria. Baba alibeba gramafoni, na mama alimgombeza njia nzima. Tulipofika Kabazana, ng'ambo ya mpaka, pale wakimbizi wanapoandikishwa kabla ya kupewa kiwanja, mwandikishaji aliuliza kama lile sanduku lina chakula. Baba akafungua kifuniko, akazungusha mkono, akaweka sahani moja ya muziki kati ya nne alizokuwa nazo. Foleni nzima iligeuka kutusikiliza. Sijawahi kumwona baba akiwa mrefu kama siku ile.

Kiwanja chetu kilikuwa Kashojwa. Baba aliweka meza mbele ya nyumba, watu wakaleta redio zao. Kanisa letu lilikuwa la miti na turubai, halina hata kinanda, kwa hiyo aliazimisha gramafoni ili kwaya ijifunze nyimbo za kwenye sahani. Mchungaji alifurahi sana. Alikuwa na desturi ya kupaka mafuta ya maombi kila kitu kipya kilichoingia mikononi mwa waumini: baiskeli, cherehani, mlango, hata jembe. Mafuta ya zeituni tungeyatoa wapi? Aliyaombea mawese, yale mafuta mekundu tunayopikia maharage, akayatia kwenye chupa. Jumapili hiyo alimimina katikati ya gramafoni, kwenye kijiti cha chuma kinachoshika sahani, na mengine kwenye tundu la mkono wa kuzungushia. Nilikuwa nimekaa mbele. Nilimwona baba akinyanyua mkono kidogo, kisha akaushusha. Mchungaji hakatazwi kubariki. Sote tulipiga makofi, na mimi nikiwamo.

Miezi ikapita. Mashine ikaanza kunguruma chini kwa chini, halafu katikati ya wimbo inapiga kishindo, bum, na sauti inashuka kama ya mtu anayesinzia, kisha inapanda tena. Siku moja kishindo kilikuwa kikubwa hata wanakwaya wakaruka. Mchungaji aliinama, akatega sikio, akanyoosha kidole.

"Bandugu, munasikia? Ile haiko sauti ya chuma. Kuko mutu analia mule ndani." Akamgeukia baba. "Fundi, kuko kitu unaficha mu nyumba yako. Ondoa hii mashini mu nyumba ya Mungu."

Baba alijitwika gramafoni, akapita nayo katikati ya kijiji mchana kweupe, watu wakimkwepa. Mama alimsihi aifungue aitengeneze. Alikataa.

"Nikiifungua inyamaze, batasema nimemutuliza pepo wangu," alisema. "Ikiendelea kulia, batasema vilevile."

Akaifunga kwenye turubai, akaisukuma chini ya kitanda. Redio zikaacha kuja. Nani anataka redio yake ilale kwa mchawi? Lakini kila asubuhi baba alitoka akaifuta vumbi meza yake, akapanga bisibisi zake, akakaa. Alikaa hivyo miaka, mpaka ugonjwa ukamlaza. Tulimzika nyuma ya nyumba, kando ya migomba. Mchungaji alikuja kuomba. Alimwomba Mungu amsamehe marehemu. Amsamehe nini? Hapo ndipo nilipoapa.

Nilihamia Mbarara, nikawa nauza ndakala, vile visamaki vikavu vya kwetu, karibu na kambi ya jeshi. Mteja wangu mmoja, mke wa askari, aliniambia kwamba mumewe ni fundi wa karakana ya kambi na hakuna chenye springi kinachomshinda. Nilikwenda Kashojwa, nikarudi na gramafoni.

Yule afande hakuwa na haraka. Alizungusha mkono, akaiacha mashine iende bila sahani, akaweka ncha ya bisibisi kwenye chuma na mpini wake sikioni. Akahamisha ncha, akasikiliza tena.

"Sikia, mama. Iko kelele mbili, hapana moja. Hii ya kulia iko hapa kwa gavana. Hii ya kupiga bum iko ndani ya dramu ya springi."

Gavana ni kifaa chenye vidonge vitatu vya madini ya risasi vinavyozunguka ili mashine isikimbie. Kipande cha ngozi hukigusa na kukizuia. Ngozi ikinata, kinakwaruza na kunguruma. Afande alikitoa kwanza. Kisha akailegeza springi yote, akavaa glavu ndipo akafungua dramu, lile kasha la chuma inamokaa, maana springi ile ikifyatuka inakata kidole. Ndani ilikuwa imegandana, mkunjo juu ya mkunjo. Mikunjo inashikana, halafu inaachana kwa nguvu, na hicho ndicho kishindo. Alikwangua utando mwekundu wa kahawia, akaunusa, akacheka.

"Nani alitia hii? Hii hapana oil ya mashini. Hii ya kupika!"

Niliunusa mimi pia. Mawese. Mimi sikucheka. Niliiona ile chupa ikiinuliwa, niliuona mkono wa baba ukinyanyuka na kushuka. Yaani pepo aliyemmaliza baba yangu alitoka kwenye chupa ya mchungaji mwenyewe! Damu ilinichemka hata afande akanivutia kiti. Aliosha kila kitu kwa mafuta ya taa, akatia girisi mpya, akabadilisha ngozi. Mashine ikazunguka kimya, ungedhani imesimama. Nami niliutia utando ule kwenye kikopo cha mafuta ya kujipaka, nikakifunga vizuri.

Jumapili iliyofuata niliingia kanisani na gramafoni kichwani, kikopo mkobani. Hotuba nilikuwa nimeikariri. Niliweka sahani, wimbo ukatoka safi kabisa. Kabla sijafungua mdomo, mchungaji alikuwa ameshainua mikono.

"Pepo ametoka! Maombi ya miaka mingi, bandugu! Ametoka!"

Vigelegele vikalipuka. Watu walinikumbatia, wengine walewale waliomkwepa baba. Nilitamani kumtupia mchungaji kikopo usoni. Halafu nikamsikia akiagiza chupa yake ya mafuta, na hasira yangu ikawa baridi, ikatulia.

"Mimina mingi, Mchungaji," nilisema. "Na ikae kwako. Nyumba yako ndiyo salama."

Alimimina. Niliyatazama mafuta yakizama kandokando ya kijiti hadi tone la mwisho. Mama aliponiuliza kwa nini nimegawa mashine ya baba, nilimwambia nimeiazimisha tu. Kisha nikarudi Mbarara kuuza ndakala. Sijawahi kusubiri kitu kwa raha namna ile.

Mvua zilikuja zikaenda, zikaja tena. Ndipo wanawake wa Kashojwa waliokuja mjini kununua bidhaa wakaanza kunong'ona. Mashine imeanza tena. Inalia mlemle kwa mchungaji. Waumini wengine wameshahamia kanisa jingine. Nilijifanya kushangaa, nikawapimia ndakala zao na kuwaongezea.

Haikupita muda alikuja mwenyewe. Alikuwa amezeeka, kola ya shati imemlegea shingoni. Alisimama mbele ya meza yangu akangoja wateja waondoke.

"Mama, nisaidie," alisema. "Batu banasema mingi. Uje uitengeneze, lakini kimyakimya."

Nilitoa kikopo, nikakifungua, nikamwambia anuse. Alinusa. Alinitazama, akanusa tena, akakiweka mezani taratibu. Aliifahamu harufu ile kuliko mtu yeyote.

"Nitampa fundi aitengeneze," nilimwambia. "Lakini utaileta kwetu, kwa mama, wewe mwenyewe, kichwani, Jumapili watu wakitoka ibadani. Hupandi pikipiki wala humbebeshi mtu."

Aliileta. Nilitembea nyuma yake na kikopo changu njia nzima, na sitadanganya, kila hatua yake ilinipoza moyo. Waliomuuliza anaipeleka wapi aliwajibu, "Kwa mwenyewe," na wakamfuata. Tulipofika, mama alikuwa mlangoni akichambua maharage. Mchungaji aliitua gramafoni miguuni pake, jasho likimtoka.

"Mama, ni mafuta yangu," alisema, na majirani wote wakasikia. "Miye ndiye niliyamwanga mule ndani. Hakukukuwa pepo."

Mama hakuinua macho.

"Usiniambie miye," alisema. "Miye nililala naye miaka yote ile, nilijua hana pepo. Umuambie yeye." Akaonyesha migomba kwa kidevu.

Mchungaji alizunguka nyuma ya nyumba peke yake. Kukiri nilishakusikia, nilichokitaka ni kumsikia akimwomba baba radhi. Nilitaka kusikia kama sauti itamtetemeka. Nikainuka kumfuata, mama akanishika kitenge.

"Waache. Beko babili, yeye na baba yako."

Nilimwona kwa mbali akipiga magoti, mgongo kwangu, kichwa kikitikisika. Alisema mengi. Upepo ulikuwa unavuma kwenye migomba, na sikusikia hata neno moja. Nilibaki nimesimama uani na kikopo mkononi.