Aliufuata Wavu Wake Kama Mbuzi Aliyepotea

Jumapili iliyopita tukitoka kanisani hapa Lodwar, dada yake mzee mmoja mvuvi niliyesoma naye alinishika mkono, akanivuta kando ya ukuta, akaniambia ndugu yake amefariki Ijumaa kwao Lowarengak, kando ya Ziwa Turkana. Kifua, alisema. Nikampa pole, nikaomba naye pale pale, lakini nakiri mbele yenu wasomaji wangu kwamba kabla sijafika amina nilikuwa nimeshapandwa na hasira. Mzee amekufa bila boti yake. Boti haijazama, haijaibwa. Iko kwa mchanga nyuma ya kituo cha askari, imepinduliwa, jua linapasua mbao, na kila mwenye ofisi anajua iko hapo.

Nilimjua kwa darasa la jioni, lile la watu wazima. Mimi nilikuwa mwaka wangu wa tatu. Yeye alikuja na mvi zake, akiwa amehamia kwa muda kwa dada yake hapa mjini, akaketi dawati la mbele kabisa. Mwalimu alipomuuliza kwa nini ameanza sasa, alisema ana karatasi moja tu anataka kuisoma, akiimaliza atatuachia vitabu vyetu. Tulicheka. Karatasi yenyewe aliibeba ndani ya nailoni, chini ya shati. Ilikuwa ni maneno yake mwenyewe, aliyoyasema kwa Kiturkana, askari akayaandika kwa Kiingereza, yeye akaweka kidole.

Kisa ni hiki. Upepo mkali ulikata wavu wake, ukaupeleka kaskazini, kule ambako ziwa letu ni la Ethiopia pia. Sasa, mtu aliyelelewa kati ya mifugo anajua cha kufanya mbuzi wake akipotelea kwa watu wengine. Unamfuata wazi wazi, bila silaha. Unasalimu, unataja alama ya masikio yake. Ukimpata, wakati wa kurudi unapita kwa boma la kwanza unalolikuta, unamwonyesha, ili kesho mtu asiseme uliiba. Mzee alifanya hivyo hivyo. Maboya ya wavu wake, vipande vya jerikeni, alikuwa ameyachoma alama ya ng'ombe wa baba yake. Wavuvi wa ng'ambo walikuwa wameuanika ufuoni; akaitaja alama, wakampa wavu, wakampa na chai. Hao ndio tunaambiwa kila siku ni maadui. Akarudi, na badala ya kwenda nyumbani akapitia kituoni kuwaonyesha askari wetu alichokipata. Hapo ndipo alipokosea. Askari alimsikiliza vizuri sana, akaandika kwamba mzee amekiri kuvuka mpaka bila ruhusa. Boti ikabaki pale.

Nilizunguka naye ofisi nyingi, mimi nikisoma, yeye akiongea. Katika moja, afisa alitufungulia ramani yenye mstari ulionyooka juu ya maji.

"Mpaka ndio huu, mzee."

"Sawa, mtoto wangu. Niwekee boya hapo juu yake, siku nyingine nitageukia hapo."

Afisa alicheka, akasema kuweka boya si kazi yake. Ya nani? Wa samaki walisema hayo ni mambo ya mpaka. Wa mpaka wakasema nchi mbili bado zinaongea. Wa kaunti wakasema hayo ni ya Nairobi, na Nairobi tuliandika, hatukujibiwa. Na maji yamepanda miaka hii, yamemeza ufuo na miti ambayo wazee walikuwa wakiitumia kujua wamefika wapi. Nikauliza, kwa heshima, wavu ukivuka wenyewe, mwenye wavu afanye nini, sheria inasemaje. "Mama, hilo swali ni la wakubwa," nikaambiwa. Basi kama jibu liko kwa wakubwa, kwa nini adhabu ilimfikia mdogo haraka hivyo? Mungu anisamehe, lakini siku hiyo nilitoka bila kuaga.

Jumatano nilikuwa Kakuma, kwenye kambi ya wakimbizi, nikapeleka habari kwa mama mmoja Mkongomani aliyekuwa akinunua samaki wakavu wa mzee. Aliuliza kama mashua imerudishwa. Nikasema bado. "Kwetu Tanganyika ni nchi nne kwa ziwa moja," akasema. "Kila moja iko na askari. Mwenye kujibu ndiye hatukumuonaka." Akafunika samaki wake, akaanza kulia.

Jana mjane alienda kituoni kuomba boti, maana watoto wanakula kwayo. Aliambiwa mwenyewe aje, na kitambulisho. Akasema mwenyewe tumemzika. Wakamwambia basi asubiri maagizo.

Watu husema ziwa letu halina sheria. Si kweli. Maji yanaposhirikiwa na nchi mbili na hakuna aliyekaa chini kuandika nani avue wapi, nani aulizwe, nani ajibu, sheria inakuwa ni ya yule mwenye bunduki aliye karibu siku hiyo. Mzee wetu na wavuvi wa ng'ambo walikuwa na sheria yao, ndogo, na ilifanya kazi: wavu ulirudi kwa mwenyewe bila mtu kupigwa. Hao ndio wangeitwa kwenye hivyo vikao vya hotelini vya nchi zetu mbili, waulizwe wanafanyaje, ndipo wenye kalamu waandike. Mimi sikusoma sana, lakini najua mtu hafai kuadhibiwa kwa kuvuka mstari ambao hata anayemwadhibu hawezi kumpeleka akauone. Jumatatu mjane anarudi kituoni, na safari hii tutakuwa wanawake wote wa jumuiya yetu ya kanisa, tukiwa na kamba za kuvutia boti. Kama kuna sheria inayotukataza, watusomee.