Yai Ndani ya Sufuria ya Nguruwe

Nilipokuwa mtoto, kwetu mayai yalikuwa kila mahali, na sisi watoto hatukuruhusiwa kula hata moja. Nasema kila mahali kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nikiyaokota: bandani, chini ya ghala la mahindi, kwenye majani marefu nyuma ya kichuguu, hata ndani ya mkokoteni mbovu ambao kuku mmoja mweusi aliupenda kuliko viota vyote alivyotengenezewa. Nilikuwa mwembamba, napenya popote. Niliyaweka kwenye kikapu yakiwa bado na joto la kuku, nikamkabidhi Baba. Yeye aliyafuta moja moja kwa kitambaa, akayafunga vizuri nyuma ya baiskeli, akayapeleka kwenye nyumba kubwa za mtaa wa Karavia, ambako akina mama waliyanunua kwa ajili ya watoto wao. Kwa ajili ya watoto wao. Maneno hayo Baba aliyasema mwenyewe, kwa fahari, na mimi yananichoma mpaka leo.

Shamba letu lilikuwa nje kidogo ya Lubumbashi, pale nguzo za umeme zilipoishia. Tulikuwa na kuku, bata, mbuzi na nguruwe mmoja mkubwa aliyekula kuliko sisi sote. Mbuzi hawakuwa chakula. Walikuwa wa mahari, wa matanga na wa kuuza. Bata walikuwa wa Krismasi. Sisi chakula chetu kilikuwa bukari, yaani ugali, na mboga ya lengalenga, bukari na sombe la majani ya muhogo, na siku njema bukari na ndakala, vile visamaki vikavu ambavyo Mama alivigawa kama dawa. Mimi nilikuwa na miaka kama tisa. Mdogo wangu Ilunga alikuwa na miaka mitatu hivi, mkorofi, mwenye sauti kubwa, na kazi yake ilikuwa kuwafukuza bata na kumpanda beberu kama farasi.

Aliyetukataza mayai alikuwa Kambo. Ndivyo tunavyomwita bibi kwetu. Alikuwa mama mzazi wa Baba, alitoka kaskazini ya Katanga akiwa bibi harusi wa mtu wa reli, na alikuja na kila alichofundishwa na bibi yake.

"Mutoto wa kukula mayai anakuwaka mwizi," alituambia. "Leo anakula yai ya kuku, kesho ataingia mu nyumba ya bantu."

"Na Baba?" niliuliza siku moja. "Anakula yai kila asubuhi. Baba eko mwizi?"

Kambo alicheka mpaka akashika mbavu. "Baba yako eko mukubwa. Bwizi haiwezi kumuingia tena."

Nami nilicheka. Nilimpenda sana Kambo, na bado nampenda, jambo linaloniudhi zaidi ninapokumbuka haya. Kila asubuhi Baba aliketi kwenye kiti chake mbele ya mlango, yai lake limechemshwa, chumvi pembeni kwenye kipande cha karatasi. Alilimenya taratibu. Sisi tulikaa mkekani na chai yetu kavu, tukitazama ule weupe ukitokea. Hata mama mwenye mimba alikatazwa, maana mtoto wake, walisema, angezaliwa bila nywele. Mama alikuwa na mimba mwaka ule, kwa hiyo naye alitazama.

Mimba hiyo ndiyo iliyomwachisha Ilunga ziwa. Tangu hapo alikula bukari na majani kama sisi, na polepole akaacha ukorofi. Kwanza aliwaacha bata. Kisha akamwacha beberu, ambaye alikuja mwenyewe kumnusa pale alipokaa kando ya ukuta. Nywele zake zikawa nyekundu nyekundu, laini, zikang'oka ukizishika. Halafu akaanza kuvimba. Uso ukajaa, miguu ikajaa, na jirani mmoja aliyepita kuomba moto akapiga makofi.

"Eh, Mama Mado, mutoto amenona! Muko munakula bien kwenu!"

Mado ni mimi. Mama alishukuru, kwani angefanya nini? Lakini jioni ile nilimwona ameushika mguu wa Ilunga, anabonyeza juu yake kwa kidole gumba. Kidole kilipotoka, kishimo kilibaki. Alibonyeza tena pembeni, na kishimo cha pili kikabaki karibu na cha kwanza. Ilunga hakulia wala hakuvuta mguu. Alikuwa amechoka hata kulia.

Mama alimbeba mgongoni, na tumbo lake lile mbele, tukaenda mpaka zahanati ya masista. Sista mmoja aliinua nguo ya Ilunga, akamgusa mara moja tu.

"Hii iko bwaki," alisema, jina letu la utapiamlo. "Haiko sindano njo itamuponyesha, ni chakula. Mayai, kunde, ndakala. Muko na makuku kwenu?"

"Tuko nayo," Mama alijibu.

"Basi mumupatie yai kila siku. Mama, usichelewe. Mutoto wa hivi anaweza kufa."

Nilikuwa nimesimama pale, nimeshika kanga ya Mama, na nililisikia neno hilo kama mkubwa yeyote. Njiani midomo ya Mama ilikuwa ikichezacheza. Nadhani alikuwa akitafuta maneno ya kumwambia Baba.

Aliyatafuta bure. Alipomaliza kueleza, Kambo ndiye aliyejibu, huku akichambua lengalenga, bila hasira yoyote.

"Masista habazalaka. Banajua nini ya batoto? Mutoto hakosi chakula. Ile mimba yako njo inamukula. Ilikuja mbio sana."

Yaani kosa lilikuwa la Mama. Alipata mimba mapema, kana kwamba aliipata peke yake, na joto la mtoto wa tumboni lilikuwa likimwunguza mtoto wa nje. Nilimtazama Baba. Baba alikuwa amesoma. Alijua Kifaransa, alisoma gazeti lililofungiwa sabuni kabla ya kulitupa, na kwenye kiti chake pale mlangoni maganda ya yai la asubuhi yalikuwa bado chini. Aliyasogeza kando kwa mguu. Kisha akasema:

"Minapenda mutoto mugonjwa kuliko mutoto mwizi."

Wahenga walisema mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Lakini wahenga walimsamehe mapema mno huyo mwenye shibe. Baba alimjua mwenye njaa. Alimwona kila asubuhi, mkekani, hatua chache kutoka kwenye chumvi yake.

Wakamwita mufumu, mganga wa upande ule. Alikuja na kamba ya gome la mti yenye kipande cha mzizi, akaifunga kiunoni mwa Ilunga, akasema isiguswe na maji. Na malipo yake? Jogoo, na kikapu cha mayai. Mimi ndiye niliyetumwa kukijaza. Nilikibeba kikapu kile nikapita mbele ya Ilunga, macho yake yakiwa yamefungwa na uvimbe, na nikampa mtu mzima mwenye kitambi. Mufumu alichagua moja, akalitikisa karibu na sikio kuona kama ni zima, akatabasamu.

Siku iliyofuata nikaiba.

Yai la kwanza nililifukia kwenye majivu ya moto pamoja na viazi vitamu. Likapasuka kwa kishindo, majivu yakaruka, nikasema ni jiwe. Sikuweza kurudia. Kuchemsha jikoni haikuwezekana, maana Kambo alikaa jikoni kutwa nzima. Nikafikiria mpaka nikaikumbuka sufuria ya nguruwe. Kila alasiri mimi nilimpikia nguruwe chakula chake nje, kwenye sufuria kuukuu nyeusi tii: pumba za mahindi, majani, maganda ya muhogo. Harufu yake ilimfukuza kila mtu. Hakuna aliyewahi kufunua sufuria ile isipokuwa mimi. Basi nikalitumbukiza yai katikati ya pumba zinazotokota, nikakoroga polepole kwa mti, na lilipoiva nikalichota na upawa.

Nilimbeba Ilunga nikamkalisha nyuma ya banda la nguruwe. Mwanzoni hakutaka. Aliligeuza kinywani, akalitoa. Nikalitafuna kidogo mimi kwanza, nikampa, kama njiwa na kinda lake. Kesho yake alimeza. Baada ya hapo alianza kufungua mdomo kabla sijafika. Maganda niliyaponda nikamrudishia nguruwe kwenye chakula chake. Mwenzangu huyo alikuwa mwaminifu kuliko watu wa nyumba ile.

Mara moja Mama alitokea ghafla, akanikuta na upawa mkononi na yai juu yake. Tulitazamana. Aliinama kwa shida, tumbo likimzuia, akasukuma kuni mbili chini ya sufuria, akaondoka.

Uvimbe ulianza kushuka. Miguu ya Ilunga ikawa myembamba, ya kutisha kwa wembamba, lakini ilikuwa miguu. Kambo aliifurahia ile kamba ya kiunoni akaipaka mafuta. "Munaona?" aliuliza kila mgeni. "Munaona kazi ya mufumu?" Mayai mimi niliendelea kuyapunguza kikapuni.

Kisha ikaja ile asubuhi. Baba ameketi mlangoni, yai limemenywa, chumvi ipo. Sisi tuko mkekani. Ilunga hakuwa ametembea kwa majuma mengi. Tulimbeba kila mahali. Nikamwona anaweka mikono chini, anainua makalio, anasimama. Akayumba. Akapiga hatua, akapiga nyingine, mikono imenyooshwa mbele, kamba ya mufumu ikining'inia kiunoni, akafika kwenye kiti cha Baba. Akalichukua yai kwenye sahani, akalitia lote mdomoni.

Ungetegemea nini katika nyumba ya watu? Mimi nilitegemea vigelegele.

"Nilibaambia!" Kambo alipiga ukelele. "Nilibaambia! Mwizi! Nani amemukulisha mayai?"

Baba alikuwa amesimama, kiti kimeanguka. Alimshika Ilunga taya ili alitoe lile yai, lakini lilikwisha shuka. Mama peke yake ndiye aliyeona nilichokiona mimi. Alikuwa ameketi na mkono mdomoni.

"Anatembea," alisema. "Baba Mado, mutoto anatembea."

Kambo aliendelea kupiga kelele.

Ilunga, midomo bado ina makombo, alinigeukia akanyoosha kidole kuelekea banda la nguruwe, akidai lingine. Hapo ndipo walipojua. Baba alinichapa kwa kamba ya mbuzi, na sitaeleza zaidi ya hapo. Baadaye Kambo alininawisha mikono kwa maji ya majivu ili wizi utoke vidoleni. Alisugua huku akilia, machozi yake yakidondoka ndani ya beseni. Alisadiki. Alikuwa akiniokoa, kwa akili yake yote na kwa moyo wake wote. Kwa sababu hiyo nimeshindwa kumchukia, nami nimejaribu.

Hata hivyo Ilunga alikuwa amekwisha pita pale pabaya. Tangu siku ile Mama alianza kumpa ndakala zake zote, mbele ya Kambo na mbele ya Baba, na hakumwangalia mtu usoni alipokuwa akigawa. Sifa za kupona kwake zikabaki kwa kamba. Mimi nikapewa jina. Mpaka leo, kwenye harusi na kwenye matanga, kuna mjomba atakayepaza sauti nikiingia: "Mufiche mayai, Mado amefika!" Na wote wanacheka, na Ilunga anacheka kuliko wote, kwa kuwa hakumbuki. Hajui miguu yake ilikuwaje. Kwake ni kisa cha dada yake mlafi.

Watu huniambia nisiwe na hasira, mila ni mila, wazee hawakujua. Nimejibu mara nyingi hivi: sawa, hawakujua. Lakini nitajieni imani moja iliyowahi kumkataza baba. Watoto wamekatazwa yai, wenye mimba wamekatazwa yai, na yai limebaki kwa nani? Kwa mwenye kiti, na kwa baiskeli ya Karavia. Kama ni ujinga, ulikuwa ujinga unaomjua bwana wake.

Jumapili iliyopita nilikuwa Katuba, nyumbani kwa Ilunga. Sasa ni mtu mzito, anafanya kazi za forodha Kasumbalesa, anarudi mwisho wa juma akiwa amejaa vumbi na hadithi. Mkewe alituandalia wali na mchuzi wenye mayai ya kuchemsha. Binti yao wa mwisho, mdogo kama Ilunga alivyokuwa, alinyoosha mkono kwenye sahani. Ilunga akausukuma mkono ule kwa upole, akicheka, akinikonyeza.

"Mayai haiko ya batoto. Unapenda kuwa mwizi kama shangazi yako?"

Nimekuwa na hasira nyingi maishani mwangu, lakini ile ilinipanda mpaka nikashindwa kuona vizuri. Nilitaka kugeuza meza. Nilitaka kumvua viatu pale pale, niibonyeze ile miguu yake minene mbele ya mke wake, nimwulize imetoka wapi. Nilichofanya ni kulichukua yai langu nikampa mtoto.

"Yaya, utamuharibu," Ilunga aliniambia mimi dada yake mkubwa, bado anacheka.

"Wewe nilikuharibu," nilimjibu. "Ulikuwa umevimba kama maiti ya mtoni, hata kilio kilikushinda. Nilikuharibu nyuma ya banda ya nguruwe kila siku, mpaka ukasimama. Uliza Mama."

Akaacha kucheka. Alimtazama mkewe, kisha akanitazama mimi, na kijiko kikabaki hewani. Sijui atauliza au hatauliza. Mimi sikuwa namtazama tena, nilikuwa namtazama binti yake. Alikuwa ameshuka kwenye kiti na yai lake, amejificha nyuma ya pazia, analisukuma mdomoni kwa vidole vyote, haraka haraka, macho mlangoni. Kwao, mezani kwao, chakula cha baba yake, na tayari alikuwa anakula kama mwizi.

Nikaenda nikachuchumaa kando yake.

"Kula pole pole, mama," nilimwambia. "Iko yako."