Hema la Kusimama Wima

Marlys Oberholt alikuwa amechoka kuvaa magagulo akiwa amelala chali. Anayedhani hilo ni jambo dogo na ajaribu mwenyewe: magagulo matatu, kibana kiuno cha kufungwa kwa kamba, na gauni refu la kuburuta chini, yote hayo ndani ya kihema ambacho huwezi hata kuketi bila kichwa kusukuma turubai. Mume wake Verlin alimpeleka kambini kwa mtindo huo miaka nenda miaka rudi. Asubuhi Verlin hutoka nje na suruali yake ya askari, ananyoosha mgongo na kusema, "Hewa safi kweli leo, mama." Marlys anamfuata nyuma akitambaa kwa magoti, umande umemlowesha mpaka mapajani. Magoti yenyewe yalikuwa na baridi yabisi.

Jumatatu mpaka Ijumaa Verlin alikuwa fundi wa matrekta katika mji wa Corley's Ford, jimbo la Indiana. Siku za kambi akageuka askari wa Muungano, yaani wa upande wa Kaskazini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, wa mwaka 1863, yeye na wenzake wa kikosi, wote na sare za buluu na bunduki za baruti bila risasi, wakipigana upya, mbele ya watazamaji, vita ambavyo mababu zao walikwisha kuvimaliza. Kikosi hicho kilivishwa na Marlys. Makoti yao karibu yote aliyashona yeye, na penye vifungo alishona kwa mkono, kwa sababu watu wale wana macho ya mwewe. Wakikuona na mshono wa cherehani mahali pasipotakiwa, watakucheka mpaka Krismasi. Shukrani yake ilikuwa kuitwa "mke wa Verlin", na siku nyingine hata hilo walilisahau, wakamwita "yule mama wa makoti".

Si kwamba hakuwahi kununuliwa hema. Verlin alinunua mawili, yote ya bei ya chee, yote bila kumwuliza mtu. La pili lilikuwa la nyuzi za plastiki zilizochanganywa na pamba kidogo, na jua likilipiga lilimetameta hivi kwamba kambi nzima ililibandika jina la Jokofu. Usiku wa kwanza wa mvua lilivuja katika kila mshono. Marlys alikesha amejikunyata juu ya sanduku la sufuria, na Verlin akakoroma. Hapo ndipo alipokata shauri.

"Sikiliza, Verlin," alimwambia Februari moja, wakiwa jikoni. "Ama nipate hema lenye kuta, hema la kusimama wima nikavaa nguo kama binadamu, ama kambini usinione tena. Sitanii. Na safari hii nachagua mimi."

"Mchagua jembe si mkulima, mama," Verlin akacheka.

"Basi mimi si mkulima. Wewe uliyebeba jembe la kwanza uliloliona, mavuno yako yako wapi? Jokofu?"

Verlin akarudi kwenye supu yake.

Marlys alikwenda na rafiki yake Dot Kessling, mke wa mpiga ngoma wa kikosi, mwanamke mnene mwenye ulimi usio na breki. Katika duka la kwanza, muuzaji kijana mwenye nywele za kung'aa aliwaonyesha hema lenye dirisha la plastiki.

"Hili akina mama wanalipenda sana," alisema.

"Akina mama gani?" Dot akauliza. "Wataje majina."

Marlys alishika ncha ya kile kitambaa, akakisugua kwa vidole, kikalia kama mfuko wa dukani. Akakiachia, akatoka. Duka la pili nguzo zilikuwa za chuma. Duka la tatu walimwambia alete mumewe. Dot alilazimika kumshika mkono, la sivyo leo tungekuwa tunasimulia habari nyingine.

Mwishowe walifika ng'ambo ya mto, kwenye ghala la zamani la mahindi ambamo bibi mmoja aitwaye Ione Stroud alishona mahema kwa ajili ya watu wa kambi. Hapo Marlys alivua koti akaanza kazi. Aliinua turubai kwenye mwanga wa dirisha aone kama kuna matundu. Ilikuwa pamba tupu, imefumwa kwa kubanwa, nzito mkononi. Alilimwagia maji kidogo katikati na kungoja. Yalikaa juu kama yamealikwa. Alikagua mishono ya paa, akaikuta imekunjiwa ndani na kushonwa mara mbili. Pembe zote, pale kamba zinapovuta kwa nguvu, zilikuwa zimeongezwa vipande vya turubai. Matundu ya kamba hayakuwa na pete za shaba za kumetameta, yalizungushiwa uzi kwa mkono. Chini ya kuta kulikuwa na pindo pana la kulalia nyasi, upepo usipite.

"Lisimamishe," alimwambia Ione.

Wakalisimamisha palepale ghalani, nguzo mbili na boriti ya juu, mbao tupu. Marlys akaingia peke yake. Akainua mikono yote miwili juu ya kichwa, kama mtu anavyofanya akivaa gauni, akajizungusha taratibu. Mikono haikugusa kitu. Alifurahi mpaka akaona haya, akakawia kutoka ili Dot asimwone macho.

Fedha ilikuwa yake, ya kushona. Nyumbani alilipiga hema bustanini, akalimwagia maji kwa mpira mpaka likatota, akaliacha likauke, akarudia tena na tena. Pamba ndivyo inavyofundishwa kazi: uzi unavimba, matundu ya sindano yanaziba. Verlin alikuja kutazama na kikombe cha kahawa.

"Mvua ikinyesha usiliguse kwa ndani," Marlys akamwonya. "Wala usiegemeze kitu ukutani. Ukigusa turubai lililolowa, hapo hapo maji yanaingia."

"Nimesikia, mama."

Alisikia, kweli. Kusikia hakukuwa na taabu kwa Verlin.

Mwisho wa Mei kambi ikapigwa kwenye malisho kando ya mto. Ijumaa mchana hema la Marlys lilisimama jeupe, kamba zimekazwa, na watu walipita wakilishika na kusema hili sasa ndilo hema. Marlys akatandika vitanda, akatundika gauni lake la Jumapili mahali pake, kisha akaenda na Dot kuchota maji ya kupikia maharage. Kisima kilikuwa mbali na kulikuwa na foleni.

Aliporudi, hema halikuwapo.

Pale lilipokuwa kulikuwa na vipande viwili vya turubai vilivyofungwa kwa vifungo juu ya vijiti, kihema cha askari wa kawaida cha kutambaa, na matandiko yake yamesukumwa humo kama takataka. Lile gauni lilikuwa juu ya nyasi. Verlin alisimama kando, uso unang'aa kwa jasho na kitu kingine kilichofanana na fahari.

"Hema langu liko wapi?"

"Sasa mama, usianze. Kapteni amelihamishia mstari wa maafisa. Unajua kanuni. Hema la kuta lilikuwa la afisa. Askari wa kawaida na hema lile, watazamaji watasema sisi ni watu wa mchezo. Lake kapteni lilichanika njiani. Na amesema mwezi ujao mimi sajini."

Kanuni hiyo ipo, sikatai. Katika vita vile afisa alilala ndani ya kuta, na askari akalala chini ya kitambaa. Lakini Kapteni Royce Haddix, ambaye siku zake za kazi aliuza magari yaliyotumika, alikuwa na simu mfukoni na dawa ya mbu ya kupuliza, na kanuni hazikumsumbua hata kidogo kuhusu vitu hivyo. Kanuni ilimjia akilini alipoona hema zuri. Alimpaka Verlin mafuta kwa mgongo wa chupa, na Verlin, mtu mzima mwenye mvi, akang'oa vigingi kwa mikono yake mwenyewe.

Marlys alikwenda mpaka mstari wa maafisa, matone ya maji ya kisima bado yako kwenye aproni.

"Kapteni, hilo ni hema langu."

"Bi Marlys!" Haddix akatoa kofia. "Umechagua vizuri mno. Kikosi kizima kinajivunia mchango wako."

"Sikuchanga kitu."

"Jumapili utalipata. Watalii wanakuja, tuwe na heshima kidogo, sawa?"

Watalii walikuwa wanakuja kweli, na watoto wao wameshika vibendera. Marlys akatazama wale watoto, akageuka. Jioni alipika maharage kwa nyama ya chumvi na mkate wa mahindi, akawapakulia wote, Haddix akiwamo, bila neno hata moja. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Dot alimwangalia, akasogeza vile visu mbali kidogo.

Jumamosi baada ya chakula cha mchana mvua ikashuka. Vita vikaahirishwa, watu wote wakajibana chini ya turubai la jikoni na vikombe vyao vya bati. Mara Haddix akaja anakimbia, shati limemganda kifuani, soksi zinadondosha maji.

"Bi Marlys!" aliita kwa sauti ya kusikika na wote. "Hema lako linavuja kama chujio! Kitanda changu kimelowa chote. Wamekuuzia nini, dada? Nyie wanawake mkipewa kitambaa cheupe mnadhani ni hema!"

Watu wakacheka. Wanaume waliovaa makoti aliyowashonea wakacheka. Na Verlin, Mungu amsamehe, alitabasamu chini, kwenye kikombe chake.

Alipokuwa amenyang'anywa, Marlys alivumilia. Ila kulitukana lile hema, lile alilolishika uzi kwa uzi, hapo mori ulimpanda mpaka masikio yakawa yanavuma. Alitoka mvuani bila hata kujifunika. Haddix akamfuata, na wengine nyuma yao, kwa vile hakuna anayekosa kutazama moto wa jirani.

Ndani ya hema aliona kila kitu kwa kutupa jicho mara moja. Sanduku la bati la kapteni limesukumwa mpaka limebinua ukuta wa kushoto. Kitanda kimebanwa kwenye ukuta wa kulia. Koti zito la sufu limetundikwa juu, mgongo wake umelalia paa. Maji yalipita hapo tu, penye sanduku, penye kitanda na penye koti. Kwingine kote turubai lilikuwa kavu kwa ndani.

"Nani alikwambia uegemeze vitu ukutani?" aliuliza.

"Mama mzuri, hema ni hema."

"Verlin! Nilikwambia au sikukwambia?"

Verlin alikuwa mlangoni. "Uliniambia," alisema polepole.

"Na wewe ulimwambia?"

"Sasa nitamwelekezaje kapteni..."

Marlys akatoka, akaokota nyundo ya mbao, akapiga kigingi cha kwanza kwa ubavu kikaruka. Akapiga cha pili. Haddix alikuwa bado ndani, amekalia sanduku anavua soksi.

"Unafanya nini?" akapiga kelele. "Hema hili liko chini ya amri yangu! Askari Oberholt! Mzuie mkeo!"

"Mama," Verlin akasema, hakusogea, "hasira hasara."

"Hasara nimekwisha kuipata. Sasa acha nipate hasira."

Akazunguka na nyundo, kigingi baada ya kigingi. Dot alikwisha kushika nguzo ya mbele, akailaza. Turubai lote, zito kwa mvua, likamshukia kapteni wa kikosi taratibu, na chini yake kikaonekana kichuguu kinachotembea na kutukana matusi ambayo si ya mwaka 1863. Hapo watu walicheka tena, lakini Marlys hakuwa na haja na vicheko vyao. Alilivuta hema, akalikunja na Dot likiwa limelowa, wakalitupia ndani ya gari la mizigo, lile lake na Verlin. Ufunguo ulikuwa kwake. Hakuna aliyemzuia, na alipopita karibu na Verlin hakumtazama.

Turubai la pamba likikunjwa bichi siku mbili, linaota ukungu na halifai tena. Kwa hiyo usiku huo, nyumbani, alilitandaza juu ya viti vya sebuleni, na asubuhi jua lilipochomoza, yeye na Dot wakalipiga bustanini, nguzo, boriti, kamba na vigingi vyote. Mchana Dot akaenda kwake. Marlys akabaki, akaingiza humo kitanda kimoja na taa. Alidhani hasira itapoa akifanya kazi, ila haikupoa.

Jua likielekea kuzama, gari la Haddix lilimshusha Verlin mwisho wa barabara likageuza haraka. Akaja kwa miguu, bunduki begani, buti zimejaa matope, akasimama mbele ya hema. Marlys alikuwa mlangoni, ameshika kamba za kufungia.

"Mama," alisema, "ningefanya nini? Ilikuwa amri."

"Vita vile vilikwisha babu yako hajazaliwa, Verlin. Mimi nimekaa na wewe miaka thelathini na miwili, na kitu changu mwenyewe nimekitaka mara moja tu. Umekibeba ukampelekea mwanamume mwenzako, kisha ukampigia saluti."

Verlin akahamisha bunduki kutoka bega moja kwenda jingine. Akachungulia ndani nyuma ya bega la mkewe, akaona kile kitanda kimoja na nafasi iliyobaki kando yake.

"Hema lenyewe linatosha watu wawili," alisema kwa sauti ndogo.

"Najua," Marlys akajibu. "Ndivyo nilivyolipima." Akaanza kufunga kamba za mlango kwa ndani, akianzia chini.